Kinyumenyume

Kazi yake kila Jumamosi ni kutembea kinyumenyume.
Analipwa kwa saa: uso kwa wageni, kisogo kwa majengo,
visigino vyenyewe vikikumbuka palipo na ngazi, palipo na barafu.
Renna Stuckey, mwaka wa tatu, falsafa,
beji kifuani, tabasamu la ofisi ya udahili.

"Hii ndiyo maktaba. Imejengwa na familia ya Aldersey."
Hakuna Aldersey aliyewahi kushika mwiko wa saruji,
ila sentensi ndivyo ilivyoandikwa, naye kaikariri.
"Madarasa yetu ni madogo. Profesa atakujua kwa jina."
Kina mama wa makoti ya sufu wanaafiki kwa vichwa.
Kijana mmoja anapiga miayo; jina la babu yake
limechongwa juu ya mlango wa bwawa la kuogelea.

Kuna yasiyokuwemo kwenye hotuba.
Kwamba muhula wa kwanza alidhani "saa za ofisi"
ni saa ambazo profesa hataki kugongewa mlango.
Kwamba bweni lilipofungwa kwa sikukuu ya Novemba
alilala siku nne chumba cha kufulia,
ubavu kwenye mashine ya kukaushia, shuka za wengine zikizunguka.
Kwamba barua ilisema tutalipa kila kitu,
na kila kitu hakikuwa na koti ndani yake,
wala nauli ya kwenda kumzika shangazi Verlie.

Dhamana, neno letu hili, lina kazi mbili:
humtoa mtu rumande, humwingiza mtu chuoni.
Na wote wawili huambiwa: usiende mbali, utaitwa.

Leo, nyuma kabisa ya msafara, kuna buti.
Anaziona kabla ya kumwona mwenyewe:
Dorsey Stuckey, baba mtu,
katoka zamu ya usiku kiwanda cha kuku, Virginia Magharibi,
kaendesha saa kumi bila kupiga simu.
Kajiandikisha mapokezi pamoja na wengine
kwa kuwa hakujua baba huingilia mlango upi.
Stika kwenye gwanda lake imeandikwa MGENI.

Renna hajikwai. Anaendelea na kanisa, na mnara, na kengele.
"Kuna swali?"
Baba ananyoosha mkono, kama mtoto wa shule.
"Watoto wa watu kama mimi, mnao wangapi?"

Kijitabu kina jibu: duara lenye rangi,
na kipande cha rangi ya chungwa, chembamba
kama keki ya aliyefika wageni wakiaga.
Anaitaja ile asilimia. Sauti haitetemeki.
Baba anaitikia polepole, kama aliyetajiwa bei ya tairi.
Mama mmoja anasema, "Swali zuri sana,"
na msafara unaelekea bwawani.

Kwenye bwalo hawakuongea sana.
Mkanda ulikuwa ukirudisha sahani jikoni,
samoni nusu, samoni robo, samoni mzima hajaguswa,
naye akazisindikiza kwa macho moja moja hadi dirishani.
"Wanakupa ngapi kwa hii ya kurudi nyuma?"
Akamwambia.
Alicheka. Kisha akapiga hesabu, akaacha kucheka.
"Na hunyanyui hata kitu."
Baadaye, akikoroga kahawa iliyokwisha kukorogwa:
"Neno 'usiku' umeanza kulitamka kama wao."
Hakuwa analaumu. Alikuwa anahesabu tu.

Giza huwahi huku mwezi wa pili.
Pikapu ilikuwa imebanwa katikati ya magari mawili
yanayong'aa hata penye matope,
kioo chake cha nyuma kimepasuka tangu mwaka juzi.
Renna akasimama nyuma yake, viganja juu,
theluji ikimwingia viatuni,
na kwa sauti ambayo ofisi ya udahili haijawahi kuisikia:
Njoo. Njoo, baba. Kata kushoto. Njoo.
Hapo hapo. Basi.